Sogeza Ndoo, Mwache Mzee Alipo: Michezo ya Kulenga katika Vikundi vya Wazee

Ukiutazama kwa mbali, mchezo hauna siri. Ndoo moja, vifuko sita vya mchanga, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara chini ya mwembe, wazee kumi wamekaa. Robo saa ikipita, mambo matatu yameshatokea. Babu mmoja kakosa mara sita mfululizo, kakunja mikono, anasema yeye ataangalia tu. Jirani yake kapata zote sita bila jasho, sasa anapiga soga. Na bibi wa kiti cha mwisho kainama kuokota kifuko kilichoingia uvunguni, miguu ya nyuma ya kiti imeinuka.

Kikundi kinachoanza, kiwe cha kanisani Buhongwa au cha kina mama wa dagaa Igombe, hapa Mwanza, kwa kawaida huliona jambo la kwanza tu, na dawa yake huwa ileile: sogeza ndoo karibu. Wakati mwingine ndiyo dawa. Mara nyingi siyo. Kurekebisha mchezo wa kulenga ni kugusa vitu vinne: umbali, shabaha, kitu kinachorushwa, na mkao wa anayerusha. Cha tano kimejificha kati ya mtupo mmoja na mwingine: nani anaokota, nani anasubiri, nani anahesabu na kwa sauti gani. Hicho cha tano ndicho kinachoangusha watu, na ndicho kinachowafanya wasirudi wiki ijayo.

Mkono haujasahau

Hakuna mzee wa Kanda ya Ziwa anayehitaji kufundishwa kurusha. Aliyekulia Misungwi au Magu ametungua maembe kwa mawe na kuwinga ndege kwenye mpunga kwa mabonge ya udongo. Aliyekulia ufukweni amerusha kamba ya mtumbwi ikadakwa na mtu aliye nchi kavu. Kina mama wamecheza rede na mdako. Ugumu unaanzia hapohapo: kumbukumbu ya mkono ni ya kijana wa miaka 18, bega ni la mtu wa miaka 72. Mpe kifuko bila maelezo, mkono utapanda wenyewe juu ya kichwa kama anayetungua embe, kiwiliwili kitajipinda, na kesho yake kuvaa shati itakuwa kazi.

Katika uzee, wepesi wa msuli hutangulia kupungua, nguvu hufuata. Ndiyo maana mtu anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani anaweza kushindwa kufikisha kifuko cha gramu 200 umbali wa mita nne. Kubeba kunataka nguvu. Kurusha kunataka nguvu hiyohiyo itoke kwa ghafla. Tena mtupo mzuri hauanzi mkononi. Unaanzia mguuni, unapita nyonga, kiwiliwili, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, unaishia vidoleni, na kila kiungo kinaongeza kasi yake juu ya kile kilichotangulia. Mkalishe mtu kwenye kiti na umeshaondoa mguu na sehemu kubwa ya nyonga. Kilichobaki kinabebwa na bega. Kwa hiyo mtu yuleyule anayelenga vizuri akiwa amesimama mita tatu kutoka kwenye ndoo, akikaa aanzie mita moja na nusu au mbili. Huo si udhaifu wake.

Mtupo wa kuanzia na watu wengi ni wa chini: mkono ulionyooka unabembea kando ya paja, kiganja kinatazama mbele, kifuko kinaachiwa mkono ukifika usawa wa kiuno. Bega halipandi, mgongo haujipindi, na jicho linaona mkono na shabaha kwa pamoja.

Vidole ndivyo vinavyoamua kifuko kiende wapi. Katika mtupo wa chini, kikiachiwa mapema kinaangukia karibu na miguu. Kikichelewa kinapaa, na mara moja moja kinatua nyuma ya aliyekirusha, watu wakacheka. Mtupo wa juu ya bega ni kinyume chake: cha mapema kinapaa, cha kuchelewa kinagonga ardhi mbele. Kiongozi asiyejua hili humwambia anayepaisha, "Punguza nguvu, bibi." Nguvu hazina kosa. Vidole vinachelewa kufunguka, kwa sababu ya baridi yabisi, kiharusi cha zamani, au ugumu wa asubuhi tu. Mwambie asikikumbatie kifuko kizima kiganjani. Akishike kwa pembe moja, kati ya kidole gumba na vidole viwili. Pembe inachoropoka kirahisi. Asiyeweza kubana hata pembe, kifuko kilale juu ya kiganja kilicho wazi na kirushwe kama anayemwaga maji.

Kifuko, na kwa nini mchanga

Mwanza ni mji wa mawe na miteremko. Ua wa nyumba ya Mabatini au Bugarika ukiwekewa mpira wa tenisi, mpira hausimami mpaka kwa jirani wa chini. Kifuko kinatua na kubaki kilipotua. Sababu hiyo peke yake inatosha kukichagua kabla ya mpira.

Kata vipande viwili vya kitambaa vya sentimita 15 kwa 15, shona pindo la sentimita moja na nusu kila upande, na utapata kifuko cha sentimita 12 kwa 12. Fanya kifuko cha ndani cha kitambaa kilichosukwa karibu karibu, na cha nje cha jinzi kuukuu au kitenge kizito. Kila mshono upite cherehani mara mbili. Mchanga uoshwe, uanikwe mpaka ukauke kabisa, kisha uchekechwe kwa kipande cha chandarua ili kuondoa vipande vya makombe, ambavyo hukata kitambaa kwa ndani. Ukiuchota ufukweni, uchukue wa juu, uliokauka, mbali na maji. Kichocho bado kipo ziwani na hakuna sababu ya kuingiza miguu majini kwa ajili ya mchezo wa nchi kavu. Kwa sababu hiyohiyo, mkichezea ufukweni, ziwa lisiwe nyuma ya shabaha.

Jaza gramu 150 kwa mikono dhaifu, gramu 200 kwa wengi, 250 kwa wanaorusha wakiwa wamesimama. Pima kimoja kwenye mizani ya duka, weka alama kwenye kikombe, vingine vyote vifuate alama. Vikitofautiana uzito, mkono hauwezi kujifunza kitu: mtupo mzuri wa kifuko kizito ukirudiwa na chepesi unapita juu ya ndoo.

Wengi hujaza mahindi, maharage au mchele. Vinafaa, lakini gramu 200 za mahindi zinakijaza kifuko karibu kibane, kinakuwa kigumu kama mpira, kikigonga sakafu kinaruka. Gramu 200 za mchanga zinachukua chini ya nusu ya nafasi, hivyo kifuko kinalegea na kutua kama tope. Mahindi yana fukusi na panya wake, na kifuko hakifuliki. Kuna na jambo ambalo vijana waongozaji hawalioni: wapo wazee ambao kurusha na kukanyaga chakula kunawakera, hata kama kimeshonewa ndani. Hawatasema. Watarusha bila raha.

Hasara ya mchanga ni kwamba kifuko cha gramu 250 kikimpata mtu jichoni kinaumiza. Watu wasirushe wakielekeana. Wote watazame upande mmoja, na anayeokota asiingie mbele mpaka kiongozi aseme vifuko vyote vimekwisha.

Pete ni chaguo la pili zuri, hasa kwa ambaye vidole havishiki kitambaa. Bomba la mpira la kumwagilia la nusu inchi, likatwe urefu wa sentimita 60, ncha ziunganishwe kwa kijiti cha sentimita tano kilichobana ndani na kufungwa selotepu nje, linatoa pete yenye upana wa sentimita 19 hivi. Mlingoti uwe chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga. Bomba la sentimita 45 linatoa pete ya 14, nayo ni ya mafundi. Puto lina uzuri wake ndani ya chumba, kwa kuwa linashuka polepole na kumpa mtu muda. Nje, upepo wa ziwa wa mchana utalichukua kabla ya bibi kuliona.

Ndoo inadanganya

Ndoo ya lita 20 ina mdomo wa sentimita 30 hivi. Mtu aliyekaa mita mbili mbali haoni duara la sentimita 30. Anaona ufa mwembamba, maana anautazama kwa ubavu. Kifuko kinachokuja kwa mlalo kinagonga ukuta wa ndoo na kuanguka nje, na mtu anaamini amelenga vibaya ilhali alilenga sawasawa. Ilaze ndoo iegemee jiwe, mdomo umtazame mrushaji kwa mshazari, nusu imelala nusu imesimama. Hakuna mita iliyopungua, wala ndoo haikubadilishwa, lakini wanaopata wanaongezeka palepale.

Kosa jingine la ndoo ni kwamba haijui "karibu." Ndani au nje, basi. Kifuko kilichokosa kwa sentimita mbili na kilichokwenda kwa kuku vyote ni sifuri. Chora miduara mitatu kwa chaki kuizunguka, ya sentimita 20, 40 na 60 kupima kutoka ukingo wa ndoo, ipe alama 5, 3 na 1, ndani ya ndoo 10. Sasa aliyekosa ana kitu cha kuhesabiwa, na muhimu zaidi, ana habari: anajua amekosa kwa kiasi gani na upande gani. Mkono hurekebishwa na habari hiyo.

Kanuni ya kazi ni hii. Kila mtu arushe vifuko sita. Akipata vitatu hadi vitano, mwache hapohapo. Akipata kimoja au asipate, lainisha kitu kimoja. Akipata sita mara mbili mfululizo, kaza kitu kimoja. Neno ni kimoja. Ukisogeza ndoo, ukabadilisha kifuko na kumsimamisha kwa wakati mmoja, hutajua kilichomsaidia wala kilichomkwamisha. Mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni kuongeza ukubwa wa shabaha kwanza (beseni la sentimita 60 badala ya ndoo), kisha kusogeza shabaha nusu mita, kisha kubadilisha kifuko. Mkao uguswe mwisho, kwa sababu unabadilisha kila kitu kingine.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Maana yake ni kwamba kwenye benchi moja anaweza kukaa mstaafu wa miaka 61 anayepanda mlima kwenda kwake kila jioni, na mama yake. Shabaha moja yenye mstari mmoja haiwezi kuwatosha. Kila mmoja awe na umbali wake. Kuwaongezea dhaifu alama za bure kunaonekana kama upole, lakini wazee wanajua kuhesabu, na alama ya huruma wanaitambua kabla haijatamkwa.

Kiti, miguu, na kuinama

Kiti cha plastiki ni chepesi. Mtu akirusha kwenda mbele, kiti husukumwa kurudi nyuma, na kwenye vigae au saruji laini kinateleza kweli. Kiegemezwe ukutani au kwenye shina la mti. Kutandika mkeka chini yake kunafanya hali iwe mbaya zaidi, kwa kuwa mkeka nao unateleza. Kwenye mchanga wa ufukweni miguu huzama, mmoja zaidi ya mingine. Weka ubao mmoja mpana chini ya miguu yote minne. Kiti chenye ufa kwenye mguu, hata mdogo, kiondolewe kabisa siku hiyo, maana anayerusha huegemea upande mmoja, na viti hivi huvunjika kwa kuegemewa ubavu.

Nyayo zote mbili zikanyage chini. Bibi mfupi ambaye miguu inaning'inia awekewe tofali pana. Kiti chenye mikono kinamsaidia kuinuka lakini kinazuia mkono kubembea, kwa hiyo akae mbele kidogo, au arushe kwa mikono miwili akisukuma mpira laini kutoka kifuani. Kwa aliyevaa khanga, mtupo upite kando ya kiti. Mitupo ya kupitisha mikono miwili katikati ya magoti, inayoonekana kwenye video za wenzetu, hapa itamfanya bibi akatae na asiseme kwa nini.

Anayesimama atangulize mguu wa kinyume: mkono wa kulia, mguu wa kushoto mbele. Wengi hutanguliza mguu wa upande wa mkono, na hapo ndipo wanapopinduka kifuko kikishaondoka, kwa sababu mwili umekwenda mbele na hakuna mguu wa kuupokea. Kiti kizito kiwe upande wa mkono usiorusha, aushike mgongo wake. Kingine kiwe nyuma, kikigusa mashavu ya miguu. Msaidizi asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, na asimshike mkono, maana kumshika mkono mtu anayeyumba ni kumyumbisha zaidi. Ashike kitambaa kipana kilichofungwa imara kiunoni. Ndala zivuliwe au zibadilishwe na viatu vyenye mkanda wa kisigino. Mwenye sukari asicheze peku hata kwenye mchanga, kwa kuwa mguu wenye ganzi hausemi ukikatwa.

Tukirudi kwa yule bibi wa kiti cha mwisho. Kuinama ukiwa umekaa huku umejipinda upande ni moja ya mikao mibaya zaidi kwa mgongo ambao mifupa yake imekuwa dhaifu, na kuinuka ghafla baadaye kunaleta kizunguzungu, hasa kwa wanaotumia dawa za presha. Kwa hiyo wachezaji wasiokote kabisa. Kijana mmoja aokote, au shabaha iwekwe juu ya meza ili vifuko vikusanywe usawa wa kiuno. Wavuvi wana wavu kuukuu wa kutosha: ufunge nyuma ya shabaha, ushuke kwa mteremko kuelekea kwenye beseni, na vifuko vilivyopita vitakusanyika vyenyewe. Mchezaji apewe vifuko mkononi kimoja kimoja, au viwekwe kwenye stuli usawa wa paja. Visiwekwe chini karibu na mguu. Vikiwekwa chini, atainama tu, hata umkataze mara ngapi.

Mwili mmoja mmoja

Aliyewahi kupata kiharusi mara nyingi ana mkono mmoja mzito, na wapo ambao upande mzima wa dunia umepotea: anaona shabaha ya kulia, ya kushoto haipo kwake. Anza na shabaha katikati, kisha isogeze upande uliopotea kidogo kidogo, na msaidizi aseme naye kutoka upande huo. Mkono mzito usiachwe pajani. Ushike kifuko kinachofuata, hata kama hauwezi kukirusha.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson hukwama kuanza. Mkono uko tayari lakini hauondoki. Hesabu kwa mdundo ule ule kila mara, "moja, mbili, na hiyo," au piga makofi. Sauti inamfungulia mlango ambao maelezo hayaufungui.

Mwenye mtoto wa jicho anahitaji tofauti ya rangi kuliko ukaribu. Beseni la njano au jeupe kwenye ardhi nyeusi linaonekana; la bluu juu ya kijani halionekani, kwa kuwa lenzi ya jicho la mzee hufifisha rangi hizo mbili zikafanana. Msitandike kitenge chenye maua chini ya shabaha kwa ajili ya kupendezesha, maana maua yanakula ukingo wa beseni. Kwa asiyeona kabisa, tumia sufuria ya aluminiamu inayolia ikigongwa, na mtu aigonge mara mbili kabla ya kila mtupo, kisha aondoke.

Bega lililoganda halilazimishwi. Mpe mpira wa soksi auviringishe juu ya meza ndefu kuelekea kwenye chupa. Ni mchezo kamili, na waliosimama wakiujaribu hugundua si rahisi.

Aliyepoteza kumbukumbu usimweleze kanuni. Mwoneshe mara moja, mpe kifuko, nyamaza. Shabaha ileile, mahali palepale, wiki zote. Akirusha kwenda kusikotakiwa, kifuko kirudishwe bila neno.

Kwa asiyeweza kurusha hata kidogo kuna njia iliyokwisha kupimwa na wengine. Mchezo wa boccia, ulioingia kwenye Michezo ya Paralimpiki mwaka 1984, unachezwa na watu waliokaa, kwa mipira sita myekundu, sita ya bluu na mmoja mweupe ambao ndio shabaha. Mpira una gramu 275 hivi. Mwenye ulemavu mkubwa hutumia mfereji wa mteremko: mpira unawekwa juu, yeye anauachia kwa kidole, kidevu au kijiti. Fundi wa kawaida anauweza. Bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, urefu wa mita moja na robo, lipasuliwe kwa urefu, kingo zipigwe msasa, ncha ya juu ikae usawa wa paja na ya chini iguse ardhi. Mpira uwe wa soksi iliyoshindiliwa nguo chakavu na gao la mchanga. Wa tenisi hautasimama.

Kwenye boccia kuna kanuni moja ambayo ningependa kila msaidizi wa wazee aijue. Anayeuelekeza mfereji kwa niaba ya mchezaji anaupa uwanja mgongo. Haruhusiwi kutazama mipira. Anasogeza kushoto, kulia, juu, chini kama alivyoagizwa na mchezaji, basi. Msaidizi akitazama, ataanza kulenga yeye, kwa nia njema, na mzee atakuwa mtu wa kuachia mpira wa mwenzake.

Zamu na alama

Watu 12, shabaha moja, kila mtu mitupo minne. Kumpa vifuko, kurusha, kuhesabu na kuokota ni kama dakika moja kwa mtu. Kila mmoja anacheza dakika moja na kusubiri 11. Wagawe katika vituo vitatu vya watu wanne na kusubiri kunashuka hadi dakika tatu, muda wa kutosha kupumzisha mkono na kumtania jirani. Vituo vitatu vinahitaji watu watatu wa kusaidia, mmoja kila kituo. Wakiwa wawili, fanyeni vituo viwili na msiwazidishe wachezaji.

Alama zihesabiwe kwa sauti na mzee mwenyewe au mwenzake, kwa mawe kwenye kopo kama hamna ubao. Kwa kikundi kipya, alama za wote ziende kwenye kapu moja: "Leo tunatafuta mia mbili." Wakishazoeana, watataka kushindana, na hapo wagawe timu kwa kuchanganya mikono mizuri na mizito.

Kwa waliokwisha kuchangamka, Wafini wana mchezo unaoitwa Mölkky, uliotoka mwaka 1996, wenye hesabu tamu. Vigingi 12 vina namba 1 hadi 12. Ukiangusha kimoja unapata namba yake. Ukiangusha zaidi ya kimoja unapata idadi yake tu. Anayefika 50 kamili ameshinda, anayepitiliza anarudishwa 25. Chupa 12 zenye mchanga kidogo chini zinatosha, na kijiti kinene cha kurushia kwa mkono wa chini. Uzuri wake kwa wazee ni kwamba mwisho wa mchezo nguvu hazisaidii. Aliyebakiza saba anataka chupa ya saba peke yake, na bibi mwenye mkono mwepesi anamsubiri fundi apitilize.

Lugha nayo ina umbali wake. Kijana wa miaka 20 anayesema "Tupa! Tena! Hapana, siyo hivyo!" kwa mtu wa kumwamkia shikamoo ameshaharibu kabla ya kifuko kutua. "Haya babu, zamu yako imefika" inafanya kazi ileile. Na makofi ya kumshangilia kila aliyekosa, kama watoto wa chekechea, yaachwe.

Muda na jua

Dakika 45 zinatosha: kumi za kupasha viungo (kuzungusha mabega, kufungua na kufunga ngumi, kuinuka kitini na kukaa mara tano taratibu), 25 za mchezo, zilizobaki za maji na kutulia. Wiki ya kwanza mitupo isizidi 30 kwa mkono mmoja, maana maumivu ya bega huja kesho yake, hayaji papo hapo. Baina ya siku mbili za mchezo ipite angalau siku moja.

Mjini Mwanza ziwa liko magharibi. Jioni, anayetazama ziwani anapigwa na jua mara mbili, la angani na la majini, na mwenye mtoto wa jicho haoni kitu. Jioni viti vitazame milimani. Ukivuka Busisi kwenda upande wa Sengerema hesabu inageuka: anayetazama ziwani asubuhi ndiye anayepigwa na jua. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio muda mzuri pande zote, mradi viti vilipe jua mgongo: ardhi haijachemka na upepo wa ziwa haujaanza.

Msiuuze mchezo huu kwa ahadi msizoweza kuzitimiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba. Kurusha vifuko ukiwa umekaa ni kazi ya bega, jicho na kichwa. Miguu inabaki vilevile. Kule kuinuka kitini mara tano, ambako wengi hukuruka kwa sababu hakuna raha, ndiko kunakolinda miguu, kwa hiyo kuwekwe ndani ya mchezo: kila zamu ianze kwa kusimama na kukaa mara mbili kwa anayeweza.

Kwa kupima umbali, kamba ya katani yenye fundo kila nusu mita inashinda futi kamba. Inalala chini, haipeperuki, na asiyesoma anaihesabu kwa kidole. Kwenye daftari kila mtu awe na mstari wake: jina, mkao, fundo, alama. Anayecheza fundo la tano leo akarudi la tatu kwa mwezi mzima ana kitu cha kuangaliwa, iwe bega, jicho au sukari. Lakini aliyepata vinne juzi na leo kifuko kinamdondoka mkononi, mdomo umevuta upande au maneno yanagongana, huyo hasubiri zamu yake. Mchezo usimame, andikeni saa dalili hizo zilipoanza, apelekwe hospitali muda huohuo.